Bendera Juu ya Boti: Pambo Lenye Uzito wa Aina Mbili



Somo letu la kazi za mikono mwaka huu linahusu jambo ambalo wengi huliona ni la mchezo tu, nalo ni kuweka bendera ya pambo juu ya boti ndogo inayoongozwa kwa rimoti. Boti hizi si ngeni tena kwetu. Zinauzwa madukani, huletwa kuwa zawadi za Idi na jamaa walio safarini, na wapo vijana wenye mikono myepesi wanaoziunda wenyewe kwa mbao laini, mota iliyotolewa katika kifaa kibovu na betri. Boti ikishaelea na kuitii rimoti, kitu cha kwanza anachokitamani mwenyewe ni kuipandishia bendera.

Hamu hiyo ni njema, na hatukuandika makala haya ili kuikataza. Tumeandika kwa sababu bendera, hata iwe ya sentimita tano, ina uzito wa aina mbili. Upo uzito wa mizani, ambao unaweza kuipindua boti. Na upo uzito wa maana, kwa sababu bendera juu ya chombo ni neno linalosemwa bila ulimi. Mwenye kuujua uzito mmoja akausahau wa pili, amelijua nusu ya somo.

1. UZITO WA MIZANI

Boti ya rimoti ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla alionyesha mjini New York boti ndogo iliyoendeshwa kwa mawimbi ya redio bila ya waya wowote, na tarehe 8 Novemba mwaka huo huo akapewa hati ya uvumbuzi wake nchini Marekani. Tangu siku hiyo mpaka leo vifaa vimebadilika sana, lakini sheria za maji hazikubadilika. Chombo husimama wima kwa sababu uzito wake umekaa chini vya kutosha. Ndiyo maana wazee wetu wa baharini huweka farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa katika ngama, wala hawaiweki juu.

Kila chombo kina kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ni kama uzito wote wa chombo umekusanyika hapo. Ukiongeza kitu chini ya nukta hiyo, kitovu hushuka na chombo hutulia. Ukiongeza kitu juu yake, kitovu hupanda na chombo huanza kulegea. Tena si uzito peke yake unaohesabiwa, bali uzito mara umbali. Gramu 10 zilizo sentimita 30 juu ya kitovu zina nguvu sawa na gramu 100 zilizo sentimita 3 juu yake.

Tuchukue mfano wa boti ya urefu wa sentimita 60 yenye uzito wa gramu 1,500. Mtoto wa kwanza ameweka bendera nyepesi. Kijiti na kitambaa kwa pamoja vina gramu 3, navyo vipo sentimita 20 juu ya kitovu. Tatu mara ishirini ni 60. Mtoto wa pili amechukua waya mnene wa chuma na kipande cha kanga, vyote vina gramu 45, navyo vipo sentimita 30 juu ya kitovu. Arobaini na tano mara thelathini ni 1,350.

Sasa tuulize, kila mmoja wao atahitaji farumi kiasi gani ili kukirudisha kitovu mahali pake? Tuseme nafasi ya farumi ipo sentimita 4 chini ya kitovu. Mtoto wa kwanza atagawa 60 kwa 4, apate gramu 15. Hizo ni kama mawe madogo machache tu. Mtoto wa pili atagawa 1,350 kwa 4, apate gramu 337 na nusu. Yaani pambo la gramu 45 linadai karibu robo tatu za pauni ya farumi chini yake! Na akishaiweka farumi hiyo, boti itazama zaidi majini, itakuwa nzito kuondoka na betri itaisha mapema. Asipoiweka, boti itapinduka kwenye kona ya kwanza ya kasi.

Hili ndilo tunalotaka msomaji alishike: kila kinachopandishwa juu hulipiwa chini.

Somo hili lilipata kuwagharimu watu wazima, tena wa ufalme mkubwa. Tarehe 10 Agosti 1628 meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa ilitweka matanga katika bandari ya Stockholm kwa safari yake ya kwanza kabisa. Ilikuwa na mizinga 64 na mamia ya sanamu na nakshi za mbao, kwani mfalme alitaka meli itakayowastaajabisha maadui. Kabla ya safari, mabaharia 30 walikuwa wamekimbizwa kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi wa pili ili kuipima. Baada ya mara tatu jaribio likasimamishwa, kwa kuwa meli ilikuwa ikienda mrama kwa namna ya kutisha. Hata hivyo safari haikuahirishwa. Meli ilikwenda kama mita 1,300 tu, upepo ukailaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya macho ya watu waliokuja kuiaga, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha. Ilitolewa chini ya bahari mwaka 1961, na leo imo katika jumba la makumbusho. Sababu kuu ilikuwa moja: mengi mno yalikuwa juu, na farumi ilikuwa chache chini. Kipimo kilikwisha kutoa jibu, ila jibu halikufuatwa.

2. UPEPO NAO UNA DAI LAKE

Tunasema kila siku kwamba bendera hufuata upepo, tukimsema mtu asiye na msimamo. Lakini kwa fundi wa boti usemi huu ni agizo la kazi. Bendera iachwe ifuate upepo. Ikizuiwa isiufuate, inageuka kuwa tanga.

Bendera iliyogandishwa kwa gundi ikasimama imara kama ubao, upepo wa ubavuni huisukuma. Kwa kuwa imekaa tezi, inasukuma tezi upande mmoja, na omo inageukia kule upepo unakotoka. Mwenye rimoti ataona boti inakataa kwenda sawa, akadhani usukani umeharibika, kumbe tatizo ni pambo. Dawa yake ni kuiacha bendera izunguke kwenye kijiti chake kwa wepesi.

Ukubwa nao uangaliwe. Bendera ya sentimita 15 kwa 10 ina eneo mara 9 ya bendera ya sentimita 5 kwa 3.3, na upepo utaisukuma kwa nguvu kadiri hiyo. Aidha, kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Basi bendera iliyotulia vizuri boti ikienda pole pole inaweza kuwa adui boti ikienda mbio.

Kipimo kinachofaa ni kipi? Wenye mashua za matembezi huko Marekani wana kanuni ya zamani, kwamba urefu wa bendera ya tezi uwe inchi moja kwa kila futi moja ya urefu wa chombo. Maana yake ni sehemu 1 ya 12. Boti ya sentimita 60 basi itapata bendera ya sentimita 5. Kipimo hiki hupendeza macho, na pia hakiielemei boti.

3. UZITO WA MAANA

Sasa tuingie katika uzito wa pili. Kwa nini meli huwa na bendera? Je, ni kwa uzuri tu?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba meli ina uraia wa nchi ambayo ina haki ya kupeperusha bendera yake. Unasema vile vile kwamba meli isafiri chini ya bendera ya nchi moja tu, na kwamba meli inayobadilisha bendera mbili au zaidi kwa kadiri inavyoifaa inaweza kuhesabiwa kuwa haina uraia wowote. Bendera basi ni ushahidi. Inasema chombo hiki ni cha nani, sheria gani inakitawala, na nani atajibu kikifanya kosa.

Jambo hili liliwahi kugusa majahazi yaliyokuja kwenye pwani yetu. Mji wa Sur, huko Oman, ulikuwa na majahazi yaliyokuwa yakishuka Afrika Mashariki kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Katika karne ya 19 baadhi ya wenye majahazi hayo walipewa vyeti na bendera ya Ufaransa. Wakati huo meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikivisaka vyombo vilivyochukua watumwa, na jahazi lenye bendera ya Ufaransa halikupekuliwa kama majahazi mengine. Mzozo ukawa mkubwa baina ya dola hizo mbili, hata ukafikishwa mbele ya waamuzi mjini The Hague, Uholanzi. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi walisema kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kutoa ruhusa mpya ila kwa watu waliokuwa chini ya himaya yake kwa masharti maalumu. Wakasema pia kwamba ruhusa ya bendera haihamishwi kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenyewe yule yule.

Tazameni basi. Kipande cha nguo juu ya jahazi la mbao kiliziweka dola mbili mbele ya waamuzi.

Wala si mambo ya kale tu. Mwezi wa Januari 2018 serikali ya Tanzania ilitangaza kuzifutia usajili meli mbili za kigeni, Kaluba na Andromeda, zilizokuwa zimekamatwa mbali kabisa na kwetu zikiwa na bendera ya Tanzania. Moja ilikutwa na dawa za kulevya, na nyingine ilikutwa na vifaa vya kutengenezea milipuko. Waliofanya hayo ni wengine, lakini jina lililotajwa duniani lilikuwa la mwenye bendera. Bendera ni amana, na anayeazimwa jina la watu akalichafua amewadhulumu wote wenye jina hilo.

4. TUCHAGUE BENDERA IPI?

Boti ya kuchezea haina usajili, na hakuna mtu atakayeishitaki. Lakini mazoea ya utotoni ndiyo tabia ya ukubwani. Kwa hiyo tunawausia wanafunzi wetu mambo manne.

La kwanza, weka bendera unayoijua. Mtoto akiulizwa, "Hii bendera ni ya wapi, na rangi zake zina maana gani?" awe na jibu. Kama boti yako ni mfano wa meli fulani halisi, basi iwekee bendera ya meli hiyo.

La pili, ichore sawasawa. Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964 baada ya Muungano, ina mkanda mweusi wenye kingo za manjano, unaoanzia pembe ya chini karibu na mlingoti na kupanda hadi pembe ya juu ya mbali. Kijani kipo juu upande wa mlingoti, na buluu ipo chini upande wa mbali. Wengi hukosea upande wa nyuma, wakachora picha ile ile mara mbili, na mkanda ukatokea umeshuka badala ya kupanda. Ukumbuke kwamba ubavu wa pili ni kama kioo cha ubavu wa kwanza: pande zote mbili mkanda uanzie chini kwenye mlingoti. Bendera ya Zanzibar, inayotumika tangu Januari 2005, ina buluu, nyeusi na kijani, na bendera ya Muungano imo katika pembe ya juu kwenye mlingoti. Nayo ina kanuni hiyo hiyo ya kioo.

La tatu, usitumie bendera za ishara kwa kupenda rangi zake tu. Mabaharia wa dunia nzima wana bendera za herufi, na kila moja inasema neno. Ya manjano tupu husema, "Chombo changu hakina maradhi, naomba ruhusa ya kuingia bandarini." Nyekundu yenye mkato kama mkia wa mbayuwayu husema, "Nimebeba shehena ya hatari." Ile ya nyeupe na buluu yenye mkato kama huo husema, "Nina mpiga mbizi chini, pita mbali polepole." Ukitaka pambo lisilosema neno la uongo, tengeneza bendera ya nakshi yako mwenyewe.

La nne, na hili ni la adabu zaidi, usiweke juu ya boti ya kuchezea bendera yenye Shahada au jina tukufu. Bendera ya Saudi Arabia imeandikwa Shahada, na kwa ajili hiyo haishushwi nusu mlingoti hata wakati wa msiba. Mwezi wa Agosti 2007, katika mkoa wa Khost nchini Afghanistan, helikopta za jeshi la Marekani ziliwadondoshea watoto mipira yenye picha za bendera za nchi nyingi, na ya Saudi Arabia ikiwa miongoni mwao. Watu wakaandamana kwa hasira, kwani maneno hayo yangepigwa mateke. Waliotoa mipira walitaka kufurahisha watoto, lakini hawakulisoma lile walilolichapisha. Boti nayo hupinduka, huzama katika maji ya dimbwi, huachwa uwanjani ikakanyagwa. Maneno matukufu tuyaweke mahali pa heshima.

5. NAMNA YA KUITENGENEZA

Vifaa vyote vinapatikana majumbani: chelewa moja ya ufagio, mrija mtupu wa wino wa kalamu uliooshwa, kipande cha nailoni nyembamba kutoka mwavuli uliovunjika, kifutio cha penseli, gundi, uzi, na rangi isiyotoka kwa maji. Chelewa ni bora kuliko waya wa chuma kwa sababu ni nyepesi, inapinda bila kukatika, na maji ya chumvi hayaipatii kutu.

Nailoni tunaichagua kwa kuwa ni nyembamba. Kitambaa kinene kikikatwa kidogo hakilegei, hubaki kikakamavu kama kadi, kwa sababu uzito wake umepungua lakini ugumu wa nyuzi zake ni ule ule. Ukitaka bendera ilale vizuri, ikate kwa mshazari, nyuzi zikae pembe badala ya kusimama wima.

Hatua ni hizi:

(i) Pima urefu wa boti, ugawe kwa 12. Jibu ndilo urefu wa bendera. Upana wa bendera ya Tanzania ni theluthi mbili za urefu huo.

(ii) Chora na upake rangi kabla ya kukata, ili kingo zisichanuke. Tumia rangi chache ipenye hadi upande wa pili, na hapo upande wa nyuma utakuwa kioo cha mbele bila ya taabu. Acha ikauke kabisa.

(iii) Kata mrija wa kalamu kwa upana wa bendera, kisha ubandike ukingo wa bendera juu yake kwa gundi kidogo.

(iv) Chagua chelewa inayoingia ndani ya mrija kwa ulegevu. Uvishe mrija juu yake. Funga fundo dogo la uzi wenye gundi chini ya mrija na jingine juu yake, ili usishuke wala usichomoke. Puliza kwa mdomo. Bendera ikizunguka yenyewe, umefaulu.

(v) Kata kifutio kipande cha sentimita moja, kitoboe katikati, na kibandike juu ya sitaha ya tezi. Usiitoboe sitaha yenyewe, maana tundu moja dogo huingiza maji penye betri. Chelewa ichomekwe katika kifutio bila ya gundi, ili boti ikipinduka ichomoke badala ya kuvunja kitu.

(vi) Hakikisha bendera ikilala haifiki majini wala haikaribii rafadha, ambayo wengi huiita propela. Uzi mmoja ukijizungusha katika mhimili wake, mota itasimama katikati ya maji. Hakikisha pia kifuniko cha betri bado kinafunguka.

Neno moja kuhusu antena. Boti nyingi za zamani, za mawimbi ya megahezi 27, zina waya mrefu uliosimama, na watoto huona kuwa huo ndio mlingoti wa bendera uliokwisha tengenezwa. Tusiutumie. Bendera huupinda, na ukikatika boti haisikii tena. Boti za sasa za gigahezi 2.4 zina antena fupi iliyofichwa ndani. Mawimbi yake hayapiti vizuri majini, hivyo antena hiyo isishushwe chini ya usawa wa maji kwa ajili ya kupisha pambo, wala isiwekewe chuma au karatasi ya fedha karibu yake.

Kama unataka bendera mbili, fuata desturi ya meli. Bendera ya nchi ya chombo hukaa tezi. Meli ikiingia bandari ya ugenini, hupandisha bendera ya wenyeji mlingotini upande wa kulia, kwa kuwaheshimu.

6. KIPIMO KABLA YA SAFARI

Wale wa Vasa walipima, wasifuate. Sisi tupime na tufuate.

Iweke boti katika beseni kubwa kabla ya kuweka bendera. Isukume ubavu kwa kidole, iachie, na uhesabu muda inaochukua kwenda mrama mara tano, kulia na kushoto. Andika. Kisha chomeka bendera na urudie. Muda ukiwa karibu sawa, boti yako ni salama. Muda ukirefuka sana, boti ikawa inarudi kwa uvivu kama mtu anayesinzia, jua kwamba kitovu kimepanda. Usitie farumi kwanza. Kwanza punguza juu: fupisha kijiti, punguza kitambaa. Farumi iwe dawa ya mwisho.

Halafu nenda majini siku ya upepo mdogo, zunguka polepole, kisha uongeze kasi kidogo kidogo.

7. NENO KWA WAZAZI

Tumeeleza mengi kuhusu boti kupinduka, na sababu yake si boti. Boti ikipinduka katikati ya bwawa au ikasimama mbali na ufuo, mtoto huisahau hatari, akaona tu kitu chake kinapotea, akaingia majini. Hapo mchezo umegeuka msiba. Boti hununuliwa nyingine, mtoto hanunuliwi.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi waweke sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kuifuata boti majini, hata kama maji yanaonekana mafupi. Mtoto asiende peke yake, bali awe na mtu mzima anayejua kuogelea. Na mfuko wa boti uwe na mshipi wa kuvulia wenye mpira wa tenisi uliofungwa mwishoni. Mpira hutupwa kupita upande wa pili wa boti, kisha mshipi huvutwa taratibu na kuileta boti ufuoni. Ikishindikana, subirini upepo. Mara nyingi upepo wenyewe hukisukuma kitu kinachoelea hadi ukingoni.

HITIMISHO

Wanafunzi wetu, mmeona kwamba pambo la sentimita tano limetupitisha katika hesabu, elimu ya upepo, sheria ya bahari na adabu. Pambo si kitu kibaya. Kibaya ni kuliongeza bila ya kuuliza linadai nini. Bendera nyepesi, ya kipimo chake, iliyochorwa kwa haki, inayozunguka bila kizuizi, huipendeza boti na haimdanganyi mtu. Anayelizoea swali hili katika boti, "Nikiongeza hiki juu, nimetia nini chini?" atalihitaji tena siku nyingine, atakapojenga nyumba, atakapopakia gari, na atakapopewa jina la watu alichukue.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bendera na kijiti chake vina gramu 8, navyo vipo sentimita 25 juu ya kitovu cha uzito. Farumi ipo sentimita 5 chini ya kitovu. Inahitajika farumi ya gramu ngapi?

2. Boti ina urefu wa sentimita 48. Bendera ya Tanzania itakayoifaa iwe na urefu na upana gani?

3. Kwa nini bendera iliyogandishwa kwenye tezi huigeuza omo kuelekea upepo unakotoka?

4. Waamuzi wa The Hague mwaka 1905 walisema nini kuhusu kuhamisha ruhusa ya bendera kutoka jahazi moja kwenda jingine? Eleza kwa maneno yako kwa nini jambo hilo lina maana.

5. Kazi ya mikono: tengeneza bendera kwa hatua zilizotajwa, ipime kwa mrama mara tano kabla na baada, na uje na karatasi ya vipimo vyako darasani.

Majibu ya hesabu: swali la kwanza, gramu 40, swali la pili, urefu sentimita 4 na upana kama sentimita 2.7.

Wabillahi tawfiq.